Ile noti inayofuata mkwaju

Rafiki yangu,

Barua yako imenifikia, na swali lako la gitaa, kwamba hilo B baada ya mkwaju (alama hii: /) kwenye G7/B ni la nini, limenikumbusha mbali. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiliona hilo B baada ya mkwaju nalipuuza, napiga G7 ya kawaida. Wimbo haukuharibika, ila ulikuwa unarukaruka pale ambapo ulipaswa kutembea.

G7 ni noti nne zinazopigwa pamoja: G, B, D na F. Mkwaju unakwambia tu ipi kati yao ikae chini kabisa, kwenye besi. Sasa zipige B na F peke yake, uzisikie zinavyovutana. B inataka kupanda nusu toni, yaani hatua moja ndogo, itulie kwenye C, na F inataka kushuka nusu toni itulie kwenye E. Msukumo wote wa G7 uko hapo.

Kwa hiyo shika hivi. Uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, usiuguse. Kidole cha kati kiwe uzi wa tano, freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa); cha shahada uzi wa kwanza, freti ya kwanza; nyuzi za katikati ziache wazi. Hiyo ndiyo G7/B. Piga besi kwanza kwa gumba, halafu nyuzi zilizobaki, kisha hamia C. Besi imesogea freti moja tu kwenye uzi uleule, na utahisi umefika.

Halafu G7/F. Cha shahada uzi wa sita, freti ya kwanza, na nyama ya kidole hichohicho iuzibe uzi wa tano usilie. Kidole cha mwisho uzi wa kwanza, freti ya tatu. Kutoka hapo usiende C ya kawaida, tafadhali! Nenda C/E, yaani C ileile huku uzi wa sita ukilia wazi. F imeshuka ikawa E.

G7/D haina nguvu hizo. Ni ya kupitia tu, besi ikishuka E, D, C.

Ukizoea, ile hatua ya kupanda ihamishie kwenye D7/F# (F# ni F iliyopandishwa nusu toni) kwenda G. Ile F# mimi naikamata kwa gumba likipita juu ya shingo ya gitaa, freti ya pili ya uzi wa sita. Vidole vyako virefu kuliko vyangu, hutapata shida.

Niandikie sikio lako limependa ipi kwanza, ya kupanda au ya kushuka. Mimi ile ya kushuka ndiyo iliyoniteka.

Wako daima.