Wauza dawa, tuambieni tusukutue

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza dawa na wahudumu wa zahanati.

Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe na pumu ninayo tangu utotoni. Mwaka jana, pamoja na inhela yangu ya bluu, niliongezewa ya kahawia, nivute asubuhi na jioni. Kifua kikatulia, nikaanza kulala usiku kucha. Lakini baada ya majuma machache ulimi ulifunikwa na utando mweupe kama maziwa ya mgando. Nikiukwangua kwa kijiko, chini panabaki pekundu na damu inachuruzika. Chai ya tangawizi sikuiweza tena, wala ndimu, wala hata nyanya.

Maumivu niliyastahimili. Macho ya watu ndiyo yaliyoniumiza. Kwetu mtu mzima akionekana na utando mdomoni, majirani wameshampima kwa macho. Nilikwenda kupima, virusi vya UKIMWI sina. Hata hivyo wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Na hata ningekuwa navyo, magauni yao yangedhurika nini?

Aliyenisaidia ni daktari wa meno. Kabla hata sijafungua kinywa aliniuliza natumia dawa gani, kisha akasema, "Ukishavuta, unasukutua?" Sikuwa nimeambiwa na mtu. Akanieleza kwamba juu ya kila figo ipo tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli, na dawa yangu ya kahawia ni ya ukoo huohuo wa steroidi. Ikifika kwenye mapafu hutuliza uvimbe wa njia za hewa. Ikibaki kinywani hulegeza ulinzi wa pale, na fangasi ambao wengi wetu tunaishi nao bila kujua wanapata mwanya wa kuota. Alinipa matone ya nistatini, niyazungushe mdomoni kabla ya kumeza. Akanionyesha pia kuvuta dawa kupitia chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako, chembe nzito zibaki kwenye chupa zisitue ulimini. Wiki ya pili nilikula samaki kwa pilipili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeitupa ile inhela kwa hasira. Usiku wa nne nikapelekwa hospitali kwa bajaji, sipati pumzi. Wenzangu, msiiache. Na wanaomeza kwa miezi vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo ni steroidi, wasiviache ghafla, kwani tezi zile huwa zimezoea kupumzika na haziamki siku moja. Wakienda kung'oa jino, wamwambie daktari mapema.

Ndugu zangu wa duka la dawa, juu ya boksi langu mliandika "2x2" kwa kalamu. Nafasi ilibaki kubwa tu. Ongezeni hapo: sukutua, tema.

Fundi cherehani,
Korogwe, Tanga