Barua kwa shangazi, kutoka mji wa barabara za namba

Shikamoo shangazi,

Ulisema picha nilizokutumia hazikukwambia kitu. Jengo limefunikwa mabomba, mume wangu kashika kibendera cha rangi ya chungwa, mimi nacheka. "Ndiyo nini hiyo?" ukauliza. Kwa simu nisingemaliza, kwa hiyo nakuandikia hapa, binamu zangu wakusomee.

Mji wenyewe ni Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Mume wangu alikuwa na kazi huko siku mbili, ya tatu tukajipa wenyewe. Kilichonikumbusha wewe mapema kabisa ni barabara, kwa sababu zina namba kama za Ngamiani, hapo kwetu Tanga. Mgeni wako akishuka ya kwanza, anahesabu tu mpaka afike barabara ya nane. Kule wanaanza kuhesabu kwenye hekalu la katikati ya mji: 100 Kusini, 200 Kusini, 300 Mashariki, kila kibao kinakwambia umelipa hekalu mgongo kwa umbali gani. Ila upana wake, shangazi! Futi 132, yaani mita 40, inasemekana ili msafara wa magari ya ng'ombe uweze kugeuka bila watu kutukanana. Kwenye baadhi ya vivuko kuna kikopo cha vibendera. Unachukua kimoja, unakipunga, magari yanasimama, ukifika ng'ambo unakitia kwenye kikopo cha huko. Ndiyo hiyo picha. Mume wangu alivuka mara tatu bila kuwa na safari yoyote.

Waanzilishi wa mji ni Wamormoni. Wenyewe hujiita Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nabii wao, Joseph Smith, aliuawa na kundi la watu akiwa gerezani Illinois mwaka 1844. Wafuasi wake wakahama wakiongozwa na Brigham Young, wakakata nyika na milima, wakaingia bonde hili Julai 1847. Na najua utakachouliza. Ndiyo, ni wale wa wake wengi. Brigham Young alioa zaidi ya hamsini. Nyumba zake mbili bado zimesimama, moja ina mzinga wa nyuki juu ya paa, nyingine ina sanamu ya simba juu ya baraza la mbele. Mwaka 1890 kanisa lilitangaza kuachana na ndoa hizo. Mume wangu alianza kuuliza maswali mengi pale mlangoni, nikamshika mkono tukaondoka.

Hekalu lilijengwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893, kwa mawe ya korongo la Little Cottonwood yaliyokokotwa na ng'ombe mpaka reli ilipofika. Asiye wa kanisa haingii, na sisi hata kwa nje hatukuliona sawasawa. Lilikuwa ndani ya majukwaa ya mafundi. Machi 2020 tetemeko la 5.7 lilimpokonya malaika wa juu ya mnara tarumbeta yake. Ukarabati ulikuwa umeshaanza kabla ya hapo, na sehemu yake kubwa ni kuweka vifaa 98 vya kumeza mtikisiko chini ya msingi, ardhi ikicheza hekalu lisicheze nayo.

Jengo lililonikaa moyoni ni la jirani, Tabernacle, la mwaka 1867. Paa lake ni kama mgongo wa kasa, mita 76 kwa 46, na ndani hakuna nguzo hata moja inayolishika katikati. Fundi wake alikuwa mjenzi wa madaraja. Mbao za paa zilishikanishwa kwa vigingi, na zilizopasuka zikafungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, maana ngozi ikikauka hukaza. Nilifikiria mitepe, jinsi wazee walivyoshona mbao kwa kamba wakaenda nayo baharini. Mwongozaji akatukalisha nyuma kabisa, yeye akaenda mbele, akadondosha pini. Pini, shangazi. Niliisikia ikigonga. Halafu nikapitisha kidole kwenye benchi nililokalia. Mabenchi ya mwanzo yalikuwa ya mti wa msonobari, lakini mtu alikaa akachora kwa brashi mistari ya mti wa mwaloni, benchi baada ya benchi, kwa vile mwaloni hawakuwa nao. Hapo nikaanza kuwapenda kidogo.

Mwongozaji mwenyewe alikuwa msichana wa Lubumbashi, mmisionari. Alitusikia tukinong'ona. "Mama, munatokea wapi?" Kiswahili cha kwao, watu wanakuwa "batu", lakini kwa jinsi nilivyofurahi ningeweza kumbeba. Nikamwambia twende tukanywe chai, akacheka. Hawanywi chai, wala kahawa, ni mwiko wa dini yao. Badala yake watu wa kule wanakunywa soda iliyotiwa sharubati ya nazi na maziwa. Nimeijaribu. Tui ndani ya soda, mwenyewe utaona.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Main Street, karibu na hekalu, kuna mnara wa Brigham Young na bamba la majina ya wote waliofika naye 1847. Nilisoma lote, unanijua. Chini kuna majina matatu yaliyotengwa: Hark Lay, Oscar Crosby, Green Flake. Juu yao imeandikwa "watumishi wa rangi". Watumishi ni neno la adabu, walikuwa watumwa. Green Flake alikuwa na miaka 19, na aliingia bondeni na kundi la mbele, siku mbili kabla ya Brigham Young. Mwaka 1852 baraza la Utah likaupa utumwa ruhusa ya sheria, na mwaka huohuo Brigham Young akatangaza kwamba mtu mweusi hapewi ukuhani. Mwanamke mmoja huru, Jane Manning James, aliyefika mwaka uleule wa 1847, aliomba tena na tena aruhusiwe ibada kamili za hekaluni. Mwaka 1894 walimfungamanisha na familia ya Joseph Smith, kama mtumishi, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwemo. Mwingine alisimama kwa niaba yake. Alikufa 1908. Katazo liliondolewa 1978. Sanamu zao wanne zimesimamishwa 2022, kwenye bustani ya kumbukumbu pembeni ya mji.

Alasiri tukaenda maktaba ya nasaba ya kanisa hilo, FamilySearch, alikotuelekeza yule binti. Ni bure. Wanaamini marehemu anaweza kubatizwa kwa kupitia aliye hai, naye huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa, ndiyo maana wanakusanya majina ya wafu kwa bidii hiyo. Filamu za kumbukumbu hizo zimehifadhiwa ndani ya mlima, kwenye korongo lilelile la mawe ya hekalu. Usishtuke, sikuwaachia jina letu hata moja. Marehemu wetu wana dini yao.

Ila bibi mmoja wa kujitolea alinikalisha, akanipa karatasi yenye mchoro kama kipepeo cha ukindu. Wewe uko kwenye mpini, na kila ukunjo unaopanda una nafasi mbili, ya baba na ya mama. Nikajaza kwa penseli. Upande wa baba nikapanda mpaka baba yake babu, kwa yale uliyonifundisha barazani. Mimi kitukuu wake, wanangu vilembwe. Juu yake pana nafasi ya baba, nikaijaza. Ya mama nikaiacha. Bibi akauliza kama kuna rejista. Nikamwambia rejista yetu ni shangazi. Hakucheka, alisema pasipo na maandishi, kama Ghana, wanatuma watu kuwarekodi wazee wakizungumza.

Shangazi, nimekaa miguuni pako mara ngapi ukihesabu? Fulani bin fulani bin fulani, hukosei. Lakini ukifika kwa mama wa huyo baba yake babu, unakohoa, unaagiza maji. Nilikuwa mdogo nikadhani ni kiu. Nimesimama mbele ya lile bamba nikakumbuka kile kikohozi, nikakumbuka watu waliotembezwa kutoka bara mpaka Pangani, nikahesabu miaka.

Najua nakuuliza mbele za watu na utakasirika. Kasirika, kisha unijibu. Aliitwa nani? Si lile jina alilopewa pwani, lile alilokuja nalo, kama kuna aliyelishika. Nitumie kwa sauti, usimwandikishe mtu. Ukitaka binamu wasisikie, ngoja waende sokoni. Karatasi ninayo mezani hapa, na penseli.