Wanangu watangazaji, mgeni wenu ana kwao

Wanangu mnaoendesha vipindi vya mahojiano, wa TV na nyie wa YouTube pia, salaam sana. Nawaangalia karibu kila siku na wengi mna vipaji, sibishi, lakini hii tabia ya kumwita mama wa watu studio halafu kumbe mchepuko wa mumewe mmemficha chumba cha pili ili watoane macho laivu, hiyo inaninyima raha na ndo maana nawaandikia.

Mchezo wenyewe wala sio mpya, Wamarekani walishaucheza. Mtangazaji Phil Donahue alipoanza kipindi chake kule Ohio 1967 alikuwa anashuka na maiki hadi walipokaa watu, mama wa nyumbani anasimama anamuuliza mgeni swali lake, wanabishana kwa hoja. Ilipofika 1987 akaja Morton Downey Jr., huyo anavuta sigara hewani, anafoka, anampulizia mgeni moshi usoni. Mwaka uliofuata Geraldo Rivera akawakalisha wabaguzi wa rangi na mwanaharakati mweusi jukwaa moja, viti vikaruka, yeye mwenyewe akavunjwa pua. Halafu Jerry Springer, mtu aliyewahi kuwa meya wa Cincinnati kabisa, kipindi chake cha 1991 kilianza na mambo ya siasa, watazamaji wakawa haba, akaletwa prodyuza mpya, mada zikageuka fumanizi na ngumi na hapo ndo watu wakajaa. Mabaunsa wamesimama pembeni tayari, yaani ugomvi umeshapangwa kabla kamera haijawashwa.

Sasa hapa naomba mtulie. Machi 1995 kipindi cha Jenny Jones kilimwita kijana mmoja wa Michigan, akaambiwa kuna mtu anakupenda kimyakimya, njoo umjue. Akaenda, kumbe ni mwanaume mwenzie anayemfahamu, ukumbi mzima ukapiga kelele, yeye akawa anacheka cheka tu mbele ya kamera. Siku 3 baadaye alinunua bunduki akaenda kumuua yule mwenzie nyumbani kwake. Kipindi chenyewe hakikurushwa. Kosa la kuua ni la muuaji na alifungwa, lakini nani alimficha ukweli mpaka taa zikawaka? Na Uingereza, ITV walikifuta kipindi cha Jeremy Kyle Mei 2019 baada ya mgeni kufariki, alikuwa amerekodiwa kama wiki moja nyuma akiambiwa amefeli kipimo cha kugundua uongo.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Nairobi, Novemba 2016, mwanasiasa Miguna Miguna alimtupia mwanasiasa mwenzie Esther Passaris maneno ya kumdhalilisha kama mwanamke katikati ya kipindi cha JKL, yaani Jeff Koinange Live, haikupita muda kituo cha KTN wakakifuta.

Sisemi muwe wapole kwa kila mtu jamani. Jeremy Paxman wa BBC, 1997, alimuuliza Michael Howard, aliyetoka tu kuwa waziri wa mambo ya ndani, swali lilelile mara 12 hivi, hakutukana, hakumletea mtu wa kugombana naye, aliuliza tu mpaka nchi nzima ikaona mheshimiwa hajibu. Ukali wa hivyo nautaka sana hapa kwetu, mtu mwenye cheo, mwenye kodi zetu, huyo mbaneni hadi atoe jasho. Ila binti wa mtaani aliyefiwa na ndoa yake hana msemaji, hana mwanasheria, klipu yenu itamfuata sokoni na wanae wataikuta shuleni, nyie mkiwa mmeshahamia kwa mgeni mwingine.

Kwahiyo wanangu, kabla hajakaa kwenye kiti mwambieni nani mwingine yupo na ataulizwa nini, akisema hapana iwe hapana. Akianza kulia zimeni, msisogeze kamera karibu. Na kesho yake mpigieni simu, tena apige mtangazaji mwenyewe, sio yule dada wa mapokezi.