Risala kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Chumba Kikavu cha Kutunzia Wadudu, Usambara Mashariki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na serikali ya kijiji, walimu na wanafunzi, wakulima wa machungwa mlioacha mashamba yenu, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha wakusanyaji na waainishaji wa wadudu, tunakukaribisha kwa heshima na furaha kubwa hapa Amani. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na hali ya barabara ya kupanda huku umejionea mwenyewe, hatuna haja ya kuieleza. Kufika kwako kumetupa moyo. Tunaomba moyo huo usitutoke pale gari lako litakapowashwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Historia ya kazi hii mlimani kwetu ni ndefu, nasi tutaifupisha ili muda usituishie kabla ya maombi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya biolojia na kilimo. Wadudu wakakusanywa, wakachomwa pini, wengi wakaishia Berlin. Wakaja Waingereza, kituo kikaendelea, na baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ukahamia Muguga, Kenya. Mwaka 1997 msitu ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kikundi chetu kimezaliwa baada ya hayo yote: kimekuta misitu ipo, wadudu wapo, vielelezo vya kulinganishia, yaani wadudu waliohifadhiwa, havipo.

Pamoja na hayo, tumepata mafanikio makubwa ya kujivunia. Tuna katiba, muhuri, na akaunti ya benki ambayo haijafungwa. Tuna hadubini inayokuza mara 10 hadi 40, na taa yake inawaka. Tumeunda kamati ndogo nne, ikiwemo ya mapokezi, ambayo kazi yake umeiona getini. Kila mwanachama anajua kuwa mbawakawa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, si katikati ya mgongo, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Anajua pia kuandika lebo yenye mahali, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe na jina la mkusanyaji, kwa wino usioyeyuka. Lebo ya kalamu ya bolpeni ikitiwa ndani ya ethanoli, ile spiriti ya kuhifadhia wadudu, maneno huondoka, na mdudu asiyejulikana alikotoka hatufai kitu hata akiwa mzuri namna gani.

Vilevile tumewafundisha wakulima kumtambua kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Kiwavijeshi wetu wa asili hana madoa yaliyopangika hivyo. Somo hilo tumelitoa bila posho, na tunalitaja kwa unyenyekevu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Huenda mtu akauliza, kupanga majina ya wadudu kunamsaidia nini mkulima wa Muheza? Jibu liko kwenye chungwa lililooza. Mwaka 2003 nzi wa matunda mgeni aligunduliwa Kenya, na haikuchukua muda akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 2005 wataalamu walimwandika kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens, na masharti ya masoko yakaandikwa kwa jina hilo. Baadaye ulinganisho wa maumbile, vinasaba, majaribio ya kupandisha dume na jike, na kemikali wanazoitana nazo ukaonesha kuwa yeye na nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyeandikwa na mtaalamu Hendel mwaka 1912, ni spishi moja. Kanuni ni kwamba jina kongwe ndilo linaloshinda. Mwaka 2015 jina la invadens likawekwa chini ya dorsalis, na yote ambayo Asia iliyajua kuhusu nzi huyo kwa miongo mingi yakawa yanatuhusu moja kwa moja.

Kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya, naye amezungushwa vivyo hivyo. Mtaalamu Meyrick alimwandika mwaka 1917 akiwa Phthorimaea absoluta. Akapitishwa jenasi nyingine, yaani makundi ya spishi za jamaa moja, hadi akatua Tuta, na mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea. Alipokuwa Tuta, jina la Meyrick liliandikwa ndani ya mabano, kuonesha kuwa jenasi imebadilika. Aliporudi, mabano yakaondolewa. Bwana shamba asiyejua hilo atasoma vitabu viwili akidhani ni wadudu wawili, kumbe shambani yuko mmoja tu.

Sasa tuje kwenye spishi mpya, maana huko ndiko shida yetu ilikokaa. Kumtangaza mdudu mpya si kumwona na kumpa jina la bibi yako. Kwanza hulinganishwa na ndugu zake wote waliokwisha kuandikwa. Kwa mbawakawa na nondo wengi, sura ya nje haitoshi: ncha ya tumbo hukatwa, ikalowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 iliyopashwa moto hadi nyama ilainike, ikasuuzwa kwa maji, na viungo vya uzazi vikatazamwa ndani ya gliserini. Ukizidisha moto, ngozi laini nayo huyeyuka na ushahidi umekwenda. Kinachobaki huwekwa kwenye kichupa kidogo sana kinachochomwa kwenye pini ileile ya mwenyewe, wasije wakapoteana. Jongoo wetu wengi wa msituni hutambulikana kwa dume tu, kwa miguu ya pingili ya saba iliyogeuka kuwa viungo vya kupandia jike. Ukileta jike peke yake, mara nyingi utaondoka bila jina.

Baada ya maelezo na picha, kielelezo kimoja huteuliwa kuwa holotaipu, yaani mdudu mmoja anayelibeba jina milele. Hubandikwa lebo nyekundu. Wenzake waliotumika kwenye maelezo huitwa parataipu. Miaka 60 baadaye mtu akibisha, haendi kwenye kitabu, anakwenda kwa yule mmoja mwenye lebo nyekundu. Na hapa, Mheshimiwa, tunaomba utusikilize kwa makini. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, kifungu cha 16.4, zinadai mwandishi ataje holotaipu na aseme itahifadhiwa kwenye mkusanyo gani na mahali gani. Asipotaja, jina halihesabiki.

Mwandishi wetu ataje wapi? Hawezi kuandika kwamba holotaipu ipo Amani, ndani ya boksi la viatu, juu ya rafu inayovuja. Kwa hiyo mdudu anasafiri. Anayeumia ni mwanafunzi wa Tanga ambaye, ili amwone panzi wa mlima wake mwenyewe, inabidi aombe viza.

Na wanaokwenda nje huweza kusahaulika hukohuko. Mwaka 2002 ilitangazwa oda mpya kabisa ya wadudu, yaani kundi kubwa zima, Mantophasmatodea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1914. Kati ya vielelezo vilivyotumika, kimoja kilikuwa dume lililokusanywa Tanzania, Ufipa, mwaka 1950. Lilikaa kwenye droo ya Ulaya zaidi ya miaka 50 bila mtu kujua ni kitu gani. Hatusemi sisi tungelijua mapema. Tunasema tungekuwa na nafasi ya kulitazama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ombi letu ni moja: chumba kikavu.

Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, ukungu huota juu ya wadudu, ukianzia kwenye maungio ya miguu na vipapasio, mahali palepale penye alama za utambuzi. Pini za kawaida hushika kutu, na pini ikivimba ndani ya kifua humpasua mdudu. Hiyo droo iliyopo mezani mbele yako tumeileta makusudi. Tazama mbawakawa wa tatu kutoka kushoto, mwenye pembe ndefu. Kwa juu anang'aa. Chini yake kuna unga wa kahawia kama ugoro. Huo ni uchafu wa viluwiluwi vya Anthrenus, vidudu vyenye manyoya vinavyoingia ndani na kula kila kitu isipokuwa ganda. Tafadhali usiiguse, kichwa kitadondoka.

Watu wema wametuletea naftalini. Tunashukuru, ila naftalini hufukuza tu, haiui walio ndani, na harufu yake si salama kwa anayekaa humo kutwa. Tena huyeyusha ile polistaireni nyeupe ya maboksi ya televisheni tuliyoitandika kwenye droo, pini zikalala chali. Dawa ya uhakika ni baridi: droo hufungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikakaa kwenye friza yenye nyuzi −20 kwa wiki mbili, kisha mfuko ukaachwa umefungwa siku nzima baada ya kutolewa, la sivyo umande hutua juu ya wadudu na tumerudi kulekule kwenye ukungu.

Chumba tunachoomba ni cha mita 4 kwa 5, chenye dari, mlango uliozungushiwa mpira kwenye kingo zake, na kisicho na dirisha. Ndani yake tunahitaji:

Makabati 4 ya chuma yenye droo 20 kila moja, zilizotandikwa foamu ngumu ya polithini. Yasiwe ya mbao za kubandika, zina asidi, na mchwa wa hapa hawasubiri mwaliko.

Mashine 2 za kuvuta unyevu, za aina inayotumia kemikali ya kufyonza maji. Tunasisitiza aina. Zile za kawaida zinazofanya kazi kwa kupoza hewa hulegea joto linapokaribia nyuzi 15, na usiku wa Julai hapa ndivyo ulivyo. Bomba litoe maji nje moja kwa moja, maana ndoo ikijaa mashine hujizima, nayo hujaa Jumamosi usiku.

Friza 1 ya kulala, inveta na betri za kutosha kuendesha mashine moja umeme unapokatika, vipima unyevu 3, pini za chuma kisichoshika kutu namba 1 hadi 3, na mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ethanoli itakaa banda la peke yake. Septemba 2018 jumba la makumbusho ya taifa la Rio de Janeiro liliungua, na mkusanyo wa wadudu uliojengwa kwa vizazi ukateketea. Ndiyo maana tumekubaliana pia kwamba parataipu za kila spishi zigawanywe, nyingine ziende Dar es Salaam na nyingine nje ya nchi. Hatutaki kuwaficha wadudu. Tunataka mwenye lebo nyekundu alale nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hili si ombi jipya, na pengine utaona baadhi ya watu hapa wakitabasamu. Mgeni rasmi aliyesimama mahali hapo kabla yako alituahidi chumba hiki mbele ya umati huuhuu, tukapiga vigelegele, akasema kitakamilika kabla ya masika. Masika yalifika kwa wakati wake, na yameendelea kufika. Aliyemtangulia aliahidi jenereta. Tulipokea fulana zenye maandishi ya siku ile. Hatuna kinyongo, fulana zile ni za pamba safi na tunafutia droo. Mwingine aliagiza tuandike andiko la mradi, tukaandika, akaagiza tulifupishe, tukalifupisha, akahamishwa.

Tunayasema haya kwa adabu, na kwa imani kuwa wewe ni mtu wa aina nyingine. Sisi nasi hatukukaa tu. Kiwanja kipo, kimepimwa, na serikali ya kijiji imekitolea barua. Mawe na mchanga vimeshasogezwa, nguvu kazi ya msingi tutaitoa wenyewe. Fundi ameandika makadirio, nasi tumetoa nakala mbili: moja yako, na moja ya msaidizi wako, kwa kuwa nakala za huko nyuma zilibaki kwenye meza hii pamoja na chupa za maji.

Ikiwa vyote haviwezekani kwa mara moja, tunaomba uanze na mashine moja ya kuvuta unyevu na friza, kabla ya mvua za vuli. Hivyo viwili peke yake vitaokoa droo zilizobaki, tukiziba madirisha ya chumba cha sasa kwa karatasi ya nailoni.

Baada ya hotuba yako utakabidhiwa daftari la wageni. Miaka yote lilikuwa na safu ya jina, cheo na maoni. Safari hii kamati imeongeza safu ya nne, imeandikwa "tarehe ya utekelezaji". Kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi