Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: hii bima ya kupoteza kazi tunayokatwa kwenye mikopo, tuambiwe mapema

Kamishna, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Nkuhungu hapahapa Dodoma, mji mmoja na makao makuu ya TIRA, mamlaka yako inayosimamia bima nchini, ningeweza kabisa kupanda daladala nikaleta barua yangu mapokezi ila nimeona niiweke wazi kwa sababu hili jambo si langu peke yangu. Ni la karani wa mradi, la dereva wa NGO, la mlinzi wa kampuni, la mwalimu wa shule binafsi, kila mtu ambaye mshahara wake wa mwakani uko mikononi mwa mtu ambaye hajawahi hata kumuona.

Naenda moja kwa moja. Ukikopa benki kwa dhamana ya mshahara unakatwa bima ya mkopo, hilo tunalijua wote. Wengi tunaambiwa ni ya kifo na ulemavu wa kudumu, ukifa deni linafutika, familia haisumbuliwi, basi, unasaini. Sasa baadhi ya bima hizo zina kifungu kingine ndani, kwamba mkopaji akipunguzwa kazini bima inalipa marejesho ya miezi kadhaa au sehemu ya deni. Na nyingine hazina hicho kifungu kabisa. Aliyekatwa hela hajui yake ni ipi. Ninachokuomba Kamishna ni mtu aambiwe kabla hajasaini, kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, kama amekatiwa bima ya kupoteza kazi au hajakatiwa, inaanza lini, inalipa nini na inakataa nini.

Januari 2025 ilipotoka amri ya Marekani ya kusitisha misaada kwa siku 90, watu wa miradi ya afya huku kwetu tunaijua ile wiki. Watu walienda kazini Jumatatu wakiwa na kazi, katikati ya wiki wanaambiwa simamisheni kila kitu, kabidhini vifaa, subirini maelekezo, na maelekezo kwa wengi yalikuwa barua ya kuachishwa. Siku 90 zilipoisha wengi hawakuitwa tena, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limeacha rasmi kuendesha misaada. Mimi mradi wangu ulikuwa na mfadhili mwingine nikabaki, mpaka leo niko kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, lakini dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka ya nyuma alikuwa upande uliokatwa. Ana watoto wawili, amejenga hadi kwenye linta kule Nzuguni kwa hela ya mkopo, na mkopo ulikuwa umebakiza zaidi ya miaka miwili.

Alinionyesha karatasi yake ya mkopo. Mkataba wote Kiingereza, kurasa nyingi, maandishi madogo. Kwenye ukurasa wa makato kuna gharama ya kushughulikia mkopo, chini yake kuna mstari wa bima, neno moja tu na tarakimu pembeni, hela imeshatolewa juu kwa juu kabla mkopo haujaingia kwenye akaunti. Jina la kampuni ya bima halipo, namba ya bima haipo, kinacholindwa hakijaandikwa. Akaenda tawini kuuliza, kijana wa dirishani kwa adabu kabisa akamwambia dada hiyo ni ya kifo. Akarudi nyumbani. Miezi imepita ndo mtu mwingine aliyekopa palepale akapata ule mkataba wenyewe wa bima, wakakuta kumbe kupunguzwa kazi kumo, ila taarifa ya madai inatakiwa ifike ndani ya siku chache tangu uachishwe, na siku zile zilishapita zamani. Bima aliilipia, tukio lililokatiwa bima limemtokea, na hakupata hata senti kwa sababu hakuna aliyemwambia anayo. Kamishna naomba hapa utulie kidogo, kwa sababu huyu hakuzembea, aliuliza, tena aliuliza mahali sahihi.

Najua kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na nikamwambia aende, yeye alikuwa hajawahi kuisikia. Ukisimama stendi ya Nanenane ukauliza watu mia sijui wangapi wataitaja. Kwanini isiandikwe kwenye karatasi hiyohiyo ya makato?

Upande mwingine ni wa sisi tuliobaki kazini tunaosikia harufu ya moshi. Tangu ile Januari watu wengi wameanza kuulizia bima ya kupoteza kazi, na mawakala niliowauliza hapa mjini wengi wamenijibu hawana ya mtu mmoja mmoja, wanayo ya gari, ya moto, ya safari, hii ya kazi mpaka uwe na mkopo au mwajiri akate ya kundi. Na hata pale inapopatikana kuna sharti moja linaloua kila kitu, kwamba hulipwi kama siku unakata bima ulikuwa unajua kazi yako iko hatarini.

Sharti lenyewe silipingi. Bima ni ya jambo ambalo halijatokea na hujui kama litatokea, huwezi kulikatia gari bima kubwa likiwa limeshapinduka Kibaigwa. Na fomu ikikuuliza kama una taarifa yoyote ya kupunguzwa kazi ukadanganya, siku ya madai wataleta barua ya HR yenye tarehe na hutapata kitu, na watakuwa na haki, kwa hiyo wenzangu mnaosoma hapa msijaribu. Ugomvi wangu uko kwenye hilo neno kujua. Nani anaamua kwamba nilijua?

Maana huku kwenye miradi hakuna mtu ambaye hajui. Kila mwaka ikifika Septemba tunasikia bajeti ya mfadhili haijapita, kwenye grupu la WhatsApp mtu anatupia habari ya mfadhili, bosi anasema jamani tuombeane. Kama hiyo ndo kujua basi sisi hatutakatiwa bima milele, na aliyekatwa hela ya bima ndani ya mkopo atakataliwa siku yoyote kwa kuonyeshwa tangazo la redio la mwaka juzi. Lakini sheria yetu ina mahali pazuri pa kuweka mstari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe wazungumze watu watachaguliwa vipi, lini, na watalipwa nini. Hapo ndo mtu amejua. Ile taarifa ya maandishi, ina tarehe, ina sahihi. Ukitoa mwongozo kwamba kwa madhumuni ya bima hizi mfanyakazi anahesabiwa kujua kuanzia siku aliyopewa taarifa ya kusudio, yeye au chama chake, na si kabla ya hapo, umeondoa ubishi zaidi ya nusu. Kampuni ya bima bado inalindwa maana ina kipindi chake cha kungoja mwanzoni ambacho ukiachishwa ndani yake hulipwi. Uingereza ambako bima hii inauzwa hadi kwa mtu mmoja mmoja kipindi hicho huwa kinaenda miezi mitatu minne, halafu ukiachishwa unasubiri tena mwezi au zaidi ndo waanze kulipa, na mara nyingi mwisho ni miezi 12. Sawa, ni masharti makali, ila yameandikwa, mtu anajua anachonunua.

Halafu kuna suala la mkataba kuisha, na hili linatuumiza sisi wa miradi kuliko lote. Mfadhili akiondoka katikati ya mkataba, umepunguzwa kazini. Mfadhili akiondoka tarehe ileile mkataba unapoisha, hujapunguzwa, mkataba umeisha tu, na bima hailipi kwa sababu tarehe ilijulikana toka mwanzo. Kiinua mgongo nacho, yale malipo ya kuachishwa kazi, sheria inasema hupati kama mkataba umefika mwisho wake. Kazi ni ileile, mtu alishaifanya miaka sita mfululizo kwa mikataba sita, kwenye karatasi kila Desemba anakuwa kama mgeni. Mtu wa hivi anakopeshwa kwa mkataba wake wa mwaka, anakatwa bima, na kuna uwezekano mkubwa kipengele cha kupoteza kazi hakitamfaa kamwe, kwa hiyo kama kimo ndani ya hela aliyokatwa ameuziwa kitu ambacho hakiwezi kumlipa. Hiyo Kamishna naomba ikatazwe kabisa. Kama masharti hayamruhusu kudai, asikatwe hela ya kipengele hicho.

Kuna watu wataniambia mbona kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaochangia. Ndiyo, fao la kukosa ajira lipo tangu sheria za mwaka 2018, na ni jambo jema, ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Mshahara wa msingi 900,000, amefanya miaka minne. Kiinua mgongo ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka kumi, kwake inakuja kama 830,000 hivi. Fao ni kama 300,000 kwa mwezi. Sasa kama alikopa milioni 12 kwa miaka minne marejesho yake yanacheza kwenye 350,000 kwa mwezi. Fao lote linaingia kwenye mkopo na bado halitoshi, na hajala, hajalipa kodi ya nyumba Nkuhungu, hajanunua hata maji ya ndoo. Ndipo watu wanapokimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, simu inachukuliwa, friji inachukuliwa, makochi yanabebwa mchana kweupe majirani wanaangalia. Kwa hiyo bima ya marejesho ya mkopo si anasa ya wenye nazo, kwa mfanyakazi mwenye deni ndo inayoziba hilo pengo, ikiwa ya kweli.

Na ikiwa ya uongo tumeshaona inavyokuwa. Uingereza hiyohiyo benki zao ziliwauzia watu bima za kulinda marejesho ndani ya mikopo kwa miaka mingi, wengine hawakujua wanazo, wengine walikuwa wamejiajiri au wana masharti ambayo yasingewaruhusu kudai hata siku moja, ikaishia benki kurudisha zaidi ya pauni bilioni 38 na mlango wa kuwasilisha malalamiko ukafungwa tarehe 29 Agosti 2019. Huko wengi waliolalamika walirudishiwa hela zao. Sisi benki na kampuni za bima zimeanza kushikana mikono juzijuzi tu, wakala wa bima siku hizi ni benki yenyewe, ni wakati mzuri wa kuweka mambo sawa kabla hatujafika huko. Benki ikiulizwa inasema muulize bima, bima inasema hatukujui sisi tunaijua benki, na mkopaji anabaki katikati. Wewe na Benki Kuu mkikaa meza moja hili linaisha.

Wenzangu ambao mnasoma na vyuma vimeanza kukaza kazini kwenu, wakati tunasubiri majibu, fanyeni hivi: nendeni benki mkiwa bado mna kazi, ombeni kwa barua nakala ya bima ya mkopo wenu na jina la kampuni iliyoitoa, mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msisaini karatasi ya kuacha kazi kwa hiari hata mkiahidiwa kitu kidogo juu, maana aliyeacha kwa hiari bima inamkataa na fao la NSSF linamkataa. Ukiachishwa toa taarifa bima wiki hiyohiyo, usisubiri hela za mwisho zitoke. Na kama umeachishwa bila kufuata utaratibu, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kamishna, mikutano yako na wadau wa bima huwa naiona kwenye taarifa ya habari, benki wapo, kampuni zipo, madalali wapo. Mkutano ujao waalike na wafanyakazi wa mikataba, hata wawili, waje na karatasi zao za mikopo mkononi, uzisome mwenyewe mbele ya hao wakurugenzi na umuulize kila mmoja pale mezani: huyu akiachishwa kesho, mnamlipa au hamumlipi?

Nasubiri majibu yako, na wengi wanasubiri pamoja nami.

Mfanyakazi wa mkataba,
Nkuhungu, Dodoma