Mfinyanzi hakosi sifa za kuongoza wakfu wa jamii

Kwa Mhariri,

Matangazo ya kazi ya wakurugenzi wa wakfu za jamii, yaani mifuko inayokusanya michango ya watu wa eneo moja na kuitumia kwa manufaa yao, ambayo nimekuwa nikiyasoma siku hizi hudai, karibu yote, shahada ya uhasibu, ya uchumi au ya usimamizi wa biashara. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mfinyanzi aliyeongoza chama cha akina mama kwa miaka kumi na mmoja bila shilingi kupotea, aliomba nafasi ya aina hiyo akakataliwa kabla hata ya kuitwa kwenye usaili, na alipouliza sababu akaambiwa kuwa amesomea vyungu. Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wenye mawazo hayo.

Desturi ya kuwatafuta watu wa fedha ina asili yake. Wakfu wa kwanza wa jamii ulianzishwa mwaka 1914 mjini Cleveland, Marekani, na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki, ambaye alikerwa na mali za marehemu zilizofungwa na masharti ya wosia yaliyokwisha kupitwa na wakati. Palipokuwa na fedha nyingi zinazongoja mtunzaji, ilikuwa haki atafutwe mtunzaji. Kwetu hali ni nyingine. Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997, haikurithi hazina ya matajiri wa mji. Sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuzishawishi jamii zichange na kutumia walicho nacho wenyewe. Kumshawishi mtu kwamba kitu anachokipita kila siku kina thamani ni kazi ambayo msanii ameizoea tangu alipoanza kujifunza.

Msanii Theaster Gates wa Chicago, Marekani, ni mfano ninaoufahamu vizuri. Alizaliwa mwaka 1973, akiwa kitinda mimba na mvulana pekee katika watoto tisa, na baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa lami. Alisomea upangaji miji pamoja na ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Iowa State, akaendelea na masomo ya sanaa na dini katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akaenda Tokoname, Japani, kujifunza kwa wafinyanzi wa huko. Aliporudi aliajiriwa na mamlaka ya usafiri wa umma ya mji wake, akishughulikia sanaa za vituoni. Ukiusoma wasifu huo kwa macho ya bodi zetu utaona mtu asiyejua anachotaka. Mimi naona mtu aliyejifunza udongo, ibada na ramani za mji, mambo matatu yanayokutana katika kila mtaa wa maskini.

Mwaka 2006 alinunua nyumba katika barabara ya South Dorchester, upande wa kusini wa Chicago, mahali ambapo wenye mali walikuwa wanahama. Kazi ya kuikarabati nyumba hiyo ilikua hata akaanzisha Rebuild Foundation, shirika lisilo la faida linalofufua majengo na kuyarudisha kwa wakazi. Jengo linalojulikana zaidi ni benki ya mwaka 1923 iliyokuwa imefungwa tangu miaka ya 1980, ambayo serikali ya mji ilimwachia kwa dola moja kwa sharti kwamba atafute mwenyewe fedha za ukarabati. Hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana. Aling'oa marumaru za jengo lenyewe, akazikata vipande, akavichonga maneno yanayoyatania yale yaliyo kwenye noti ya dola, "Tunamtumaini Mungu", safari hii tumaini likiwekwa katika sanaa, akaviuza kama hatifungani kwenye Art Basel, maonyesho makubwa ya kuuzia sanaa, kila kimoja dola 5,000. Mhasibu angeziandika marumaru hizo katika safu ya vifusi. Benki ilifunguliwa mwaka 2015 ikiwa maktaba na ukumbi wa sanaa, na ndani yake zimo rekodi za santuri za Frankie Knuckles, DJ aliyevuma kwa muziki wa house, na vitabu vya kampuni iliyochapisha Ebony na Jet, majarida ya Wamarekani weusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nyumba 32 zilizokuwa za serikali zilifunguliwa upya, wasanii wakakaa pamoja na familia za kipato cha chini.

Sidai kwamba mambo yake yote yanaigika. Shirika lake si wakfu kama ule wa Cleveland unaosimama juu ya amana za wakazi, na marumaru zile zilinunuliwa kwa sababu ya jina lake, jina ambalo mfinyanzi wa Kwale hana. Tena, shirika linaloegemea umaarufu wa mtu mmoja lina hatari yake siku mtu huyo atakapochoka. Hesabu nazo lazima ziwekwe na mtu aliyezisomea. Hilo silibishi hata kidogo, ila mtu huyo anaweza kuajiriwa kuwa mhasibu, na ndivyo cheo chake kinavyoitwa.

Ninachoziomba bodi za wadhamini ni kwamba tangazo lijalo liondoe sharti la shahada, na badala yake kila mwombaji atakiwe kuja na kazi moja aliyoifanya pamoja na majirani zake, aieleze ilianza na nini na sasa iko wapi. Mwanafunzi wangu bado anayo tanuri yake, na chama kile bado kinachoma vyungu kila Jumamosi.

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Mombasa