Kwenu vijana wa miamvuli na vibanda vya laini, Kigoma

Wanangu mnaosajili laini kuanzia Ujiji, Gungu na Mwanga mpaka stesheni, na ninyi mawakala wa pesa wa Kibirizi mnaohesabu noti zenye harufu ya dagaa, salaam.

Mnaniita Mzee wa Simu mkidhani ni kwa vile kila siku nakuja kuuliza salio. Sivyo. Nilikuwa opereta. Enzi hizo ukitaka kuongea na Dar es Salaam ulipita mikononi mwangu: unaomba namba, unakaa kwenye benchi, mimi nachomeka waya kwenye swichibodi naita Tabora, Tabora nao wanaita mbele. Ukishaunganisha ulitakiwa utoke kwenye laini. Sikutoka kila mara. Usiku wa mvua, uko peke yako na hedifoni kichwani, maneno ya watu yananoga kuliko redio.

Mwaka 1983 serikali ilipoanza vita na wahujumu uchumi, yaani walioficha na kulangua bidhaa, alinijia bwana mmoja wa Kaunda suti. Alileta sigara, hakuleta karatasi. Alitaka tu kujua mwenye duka fulani anaongea nini na watu wake wa Dar. Nikamwambia nilichosikia: "Mzigo nimeupokea usiku. Hakuna aliyeuona." Basi. Walichimba mpaka sakafu ya stoo wakitafuta sabuni na sukari. Wakakuta cherehani imefunikwa kitenge, zawadi ya binti yake aliyekuwa anaolewa. Hata hivyo yule mwenye duka alikaa ndani wiki sita, na harusi ikapita baba hayupo. Alipotoka aliendelea kunisalimia kila asubuhi, ananiuliza watoto hawajambo. Nilibeba jeneza lake bila kumwambia.

Sasa mkisikia habari za kuchunguzwa raia mnasema hayo ni ya Marekani. Ni kweli, ya kule ni makubwa. Mwaka 2013 Edward Snowden alitoa nje siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani, dunia ikajua rekodi za simu za Wamarekani zilikuwa zinazolewa kwa mkupuo, za mwenye kosa na asiye na kosa. Mimi kilichonishtua zaidi ni kwamba huyo kijana hakuwa hata mwajiriwa wa serikali wakati ule. Alikuwa wa kampuni binafsi, Booz Allen Hamilton, iliyokodishwa kufanya kazi hiyo. Upelelezi umekuwa biashara kama mawese. Stratfor, kampuni ya upelelezi ya Austin, Texas, ililipwa na kampuni ya kemikali ya Dow kufuatilia wanaharakati waliokuwa wakiwatetea waathirika wa gesi ya sumu ya Bhopal, India. Tulijuaje? Wadukuzi waliingia kwao mwishoni mwa 2011, na barua pepe zao zikaanza kutolewa hadharani mwaka uliofuata. Wakakuta namba za kadi za benki za wateja zimewekwa wazi, hazikufichwa kwa msimbo wowote. Mtu anayeuza siri za wenzake, kabati lake halina hata kitasa! Waisraeli wa kampuni ya NSO nao wanauza Pegasus, programu inayoweza kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza kitu. Wao husema wanawauzia serikali tu. Haya, waulizeni waandishi wa habari waliokutwa nayo kwenye simu zao kama hilo liliwatuliza.

Lakini Pegasus ni ghali. Wewe ni rahisi, mwanangu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, mwaka 2019, hapo chini ya mwavuli wako pamepita majina, namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, na vidole vya nusu ya mji. Namba ya NIDA katika mkoa huu wa mpakani si kitu cha mchezo. Wapo waliohojiwa uraia wao mara tatu kabla ya kuipata. Halafu nakuona unampiga picha mama wa watu kitambulisho kwa simu yako mwenyewe, ile ile unayoangalizia mpira. Nakuona unamwambia babu, "Bonyeza tena, haijasoma," na ilishasoma. Ile ya pili ni laini ya nani? Mteja akimaliza, mpigie *106# mbele yake, azione laini zote zenye jina lake.

Nanyi mawakala, daftari lenu la miamala ni swichibodi yangu ile ile. Mume anakuja na elfu kumi, anataka kujua nani anamtumia mkewe pesa. Unamsomea. Jioni mama anapigwa, nawe unakula chipsi mayai.

Sisemi mbishane na askari. Nchi ina wahalifu, na ziwa hili linapitisha mengi usiku. Lakini ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano ya mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina tume yake. Anayedai taarifa za mteja, awe nani, aende kwa kampuni na karatasi yake. Sema, "Mkuu, mimi sina mamlaka hayo." Maneno matano. Mimi mwaka 1983 yalinishinda kwa sababu ya pakiti ya sigara.

Wewe wa karibu na stesheni, mwenye kofia nyekundu, picha ya kitambulisho changu bado iko kwenye simu yako. Kesho saa nne nitapita nikitoka kunywa chai. Uifute nimesimama hapo hapo, na kwenye lile folda la zilizofutwa pia. Mjukuu wangu kanionyesha lilipo.